Miaka Yangu ya Kutikisa Chupa

Siku mliyoniaga mlinipa saa ya ukutani na mbuzi. Saa ipo, inatembea. Mbuzi naye alikuwa amefungwa nyuma ya kiti changu, na wakati mgeni rasmi akiendelea kuongea alinyoosha shingo akala hotuba yangu, kurasa tatu, pamoja na pini. Ndiyo maana niliposimamishwa nilisema asanteni nikakaa. Wengi mlidhani nimezidiwa na uchungu wa kuondoka. Nilikuwa nimezidiwa na mbuzi.

Sasa nipo nyumbani Ngokolo, hapa Shinyanga, na Rehema amenipigia simu mara tatu akitaka niandike yale yaliyoliwa. Rehema, kwa ambao hamkumfahamu, ni mfamasia aliyerithi funguo zangu, na akitaka jambo hatulii mpaka alipate. Basi haya hapa, kwa ajili yenu mliobaki kwenye dirisha la dawa. Habari za kupandishwa vyeo sitaziandika. Ziko kwenye faili langu na hata huko hazimchangamshi mtu. Hospitali niliyomalizia kazi, kule upande wa Ushirombo, sitaitaja jina, kwa sababu kuna mtu alifanya kosa kubwa pale na bado yu hai. Mtu huyo ni mimi.

Nilianza kazi katika zahanati moja karibu na Mwadui, kijana wa Kisambaa niliyetoka Lushoto na sweta mbili. Wiki ya kwanza nilizigawa zote. Aliyenipokea alikuwa Mama Leokadia, mtoa dawa wa zamani, mwanamke mfupi ambaye miwani yake ilishikwa na uzi upande mmoja na plasta upande wa pili. Hakuniuliza nimesoma wapi. Alinipa chupa ya dawa ya kifua iliyokuwa imekaa rafuni muda mrefu, akaniuliza naona nini.

"Naona dawa," nikasema.

"Unaona maji juu na dawa chini. Mgonjwa wa kwanza atakunywa maji, wa mwisho atakunywa dawa yote, halafu wewe utakwenda kuwaeleza ndugu zake."

Nikaichukua chupa nikaitikisa. Akanitazama kwa juu ya miwani.

"Hiyo ni kutikisa, au unabembeleza mtoto?"

Alinifundisha kutikisa kwa bega, siyo kwa kiganja, mpaka chini ya chupa pasibaki kitu. Alinifundisha pia kusaga vidonge kwenye kinu cha kaure bila kuvirusha ukutani, kuvihesabu vitano vitano kwenye sahani kwa kijiko bapa, na kutomjibu mgonjwa kabla hajamaliza kulalamika, kwa sababu ugonjwa wenyewe huwa anautaja mwishoni, akiwa ameshageuka kuondoka. Yote hayo niliyashika. Lakini lililoniingia kwenye damu ni lile la kutikisa. Niliandika "tikisa kabla ya kutumia" kwenye chupa nyingi kiasi kwamba mke wangu anasema niliwahi kuandika hivyo kwenye barua ya uchumba. Nilitikisa uji. Nilitikisa maji ya kunywa. Siku mshenga alipokuja kuleta posa ya binti yetu Neema, nilimkaribisha kwa soda niliyoitikisa vizuri kabla ya kuifungua. Ndoa ilifungwa, lakini mshenga yule mpaka leo akinitembelea anaomba chai.

Miaka hiyo ya Mwadui nilibeba pia chanjo ya matone ya polio kwenda vijijini, boksi la baridi limefungwa nyuma ya baiskeli. Chanjo ile haiogopi barafu. Kadiri ilivyoganda ndivyo tulivyofurahi. Tulijaza pakiti za barafu zilizogandishwa ngumu kama matofali, tukafunga kifuniko, tukapiga pedali. Nilijifunza kwamba baridi ni rafiki, na baridi zaidi ni rafiki zaidi. Mtaona hasara ya elimu hiyo.

Baadaye nilihamishiwa upande wa Ushirombo, ambako foleni ya dirishani ina watu wa aina mbili: wakulima na wafugaji waliozaliwa pale, na wachimbaji waliokuja kutafuta dhahabu kutoka kila kona ya nchi. Wachimbaji wanataka dawa ya kupona leo kwa sababu kesho wanashuka shimoni. Wafugaji wanataka kwanza wajue wewe ni mtoto wa nani. Mimi sikuwa na subira na salamu za kule. Kwetu pia tunasalimiana, lakini kuna mahali salamu inaisha. Msukuma wa kijijini akikuanza "mwangaluka", salamu yao ya asubuhi, atauliza wewe mwenyewe, mwenzio, watoto mmoja mmoja, mvua, shamba, ng'ombe, na ukidhani amemaliza anageukia upande wa pili wa ukoo. Nyuma yake watu arobaini wanakohoa. Nilikuwa nakata salamu katikati kwa kusema "cheti, mama, cheti," na nilijiona mchapakazi.

Mgonjwa aliyenishinda kuliko wote alikuwa Mama Kabula. Alikuwa mkubwa wangu kwa miaka kadhaa, mjane, mfugaji, maarufu kwa samli yake kwenye soko la wachimbaji. Alikuwa na baridi yabisi, ule ugonjwa ambao kinga ya mwili inakosea njia na kuanza kuvipiga viungo vyake yenyewe. Vifundo vya vidole vilikuwa vimevimba na vidole vyenyewe vimelalia upande mmoja. Hakuweza kukamua. Hakuweza kushika kibuyu cha kusukia maziwa. Kazi hiyo ilikuwa imehamia kwa mkwe wake, mke wa mwanawe wa kwanza, na nadhani jambo hilo lilimuuma kuliko vidole.

"Samli yake inanuka moshi," aliniambia dirishani. "Watu wananunua kwa sababu ya jina langu. Siku jina likiisha, tutakula nini?"

Tulimpa vidonge vya kutuliza uvimbe. Tumbo likamuwaka. Tukambadilishia, tukampa vile vingine vyenye nguvu. Vidole vilipata nafuu kidogo, lakini uso ukavimba ukawa mviringo, na majirani wakaja kumpongeza kwa kunenepa. Alirudi amekasirika.

"Baba Neema, nisaidie kuelewa," akasema. "Vidole ndivyo vinavyoumwa. Dawa inakwenda usoni kufanya nini?"

Nilimjibu kwamba dawa ikishamezwa inazunguka mwili mzima, haina macho. Akasema basi ipewe macho. Nilicheka, nikamhesabia vidonge vyake. Miaka minane alikuwa akija na swali hilo, na miaka minane nilikuwa nikicheka.

Sasa nifike kwa Daktari Anitha. Ni daktari bingwa wa viungo, binti wa umri wa Neema wangu, anayekuja kutoka Mwanza mara moja kwa mwezi. Ziara moja alitukusanya, sisi watumishi na wagonjwa wanne wa baridi yabisi aliowachagua, akasema anatuletea dawa ileile ya kutuliza uvimbe, ila imefungwa ndani ya vitone vya mafuta vidogo mno. Teknolojia ya nano, akasema. Vitone hivyo havionekani hata kwa darubini yetu ya maabara, ambayo kwa kweli siku hizo haikuwa ikionyesha chochote. Vinachomwa kwenye mshipa, vinasafiri na damu, na kwenye kiungo kilichovimba, ambako mishipa inavuja, vinatoka na kubaki palepale na dawa yake.

Wagonjwa walimtazama kwa heshima, yaani hawakuelewa. Mmoja wao alikuwa Shija, mchimbaji aliyeharibika magoti, mtu wa maneno mengi. Mimi nikajitolea kutafsiri.

"Shija, kwenye mwalo, unapoosha udongo, dhahabu inabaki wapi?"

"Kwenye zulia. Udongo na maji vinapita, dhahabu inanasa."

"Basi goti lako ndilo zulia. Damu inapita, dawa inanasa."

Shija aliwaza. "Na marudio yanakwenda wapi?" Marudio ni ule udongo uliokwisha kuoshwa, ambao huwa bado una kidogo ndani yake.

Daktari Anitha alinitazama, nikamweleza, akasema ni swali zuri kuliko yote aliyowahi kuulizwa, na kwamba marudio mengi yanakwenda kwenye ini. Shija akaridhika. Mama Kabula naye alikuwa kati ya wale wanne. Tulipoinuka akanigusa kwa kiwiko.

"Kumbe imepewa macho," akasema.

Sikuwahi kumwona ana furaha namna ile, na ninasema wazi, mimi pia nilifurahi. Nilikuwa nimebakiza miezi michache nistaafu, na nilitaka sana nimwone mama yule ameshika kibuyu chake kabla sijaondoka.

Vichupa vilikuwa vinne, kimoja kwa kila mgonjwa, na vilifikia kwenye hospitali kubwa ya Shinyanga. Nilikwenda kuvichukua mwenyewe na Rehema, kwa gari la hospitali. Kila kichupa kilikuwa na kimiminika cheupe, kizito kidogo, ungesema maziwa freshi. Kulikuwa na karatasi ya maelekezo iliyokunjwa mara nyingi, maandishi yake madogo kiasi cha kumfaa siafu. Mimi niliyewaambia vijana wote waliopita mikononi mwangu wasome karatasi kabla ya kugusa dawa, niliitia mfukoni mwa shati. Nikachukua pakiti za barafu moja kwa moja kutoka kwenye friza, ngumu, zina theluji juu, nikazipanga kwenye boksi la baridi, nikaweka vichupa katikati.

"Mzee," Rehema akasema, "hizo pakiti tungeziacha kwanza zitoe jasho. Zikiwa hivi zinaweza kugandisha."

"Binti, mimi nimebeba chanjo kwa baiskeli wewe hujazaliwa."

Akanifungia kifuniko. Ana malezi mazuri, na siku ile malezi mazuri yalitugharimu.

Tulipofika jioni nilihamishia vichupa kwenye jokofu. Viwili vilikuwa vimenata kwenye pakiti na nilivivuta kwa nguvu kidogo. Asubuhi, siku ya kuchoma, nilifungua jokofu peke yangu. Kichupa cha mbele kilikuwa na kitu juu, utepe mwembamba wa rangi ya njano chini ya kizibo. Sasa ninyi semeni, mtu aliyelelewa na Mama Leokadia, akiona kitu kimetengana ndani ya chupa, anafanya nini? Nilikitikisa. Kwa bega. Utepe ukapotea, kikawa cheupe kilekile. Nilijisikia vizuri kabisa. Lakini moyoni kuna mahali palisema kwamba dawa ile haikuwa na utepe jana, na mahali hapo nilipaambia panyamaze. Sikumwambia Rehema. Sikumwambia yeyote.

Mama Kabula alikuwa wa kwanza kuitwa. Alikuwa amevaa kitenge kipya na amepakwa mafuta mikono yote hadi viwikoni, kana kwamba anakwenda kanisani. Kichupa kiliwekwa kwenye trei juu ya meza, muuguzi akawa anatafuta mshipa, na Daktari Anitha, aliyekuwa na haraka kwa sababu alikuwa na wagonjwa wengine wengi nje, akamwamkia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mwangaluka."

Nilijua tumekwisha. Daktari, kwa kuwa ni mtoto aliyefunzwa, alivuta kiti akaketi.

"Mwangaluka," akaitika.

"Mayu wako hajambo? Baba yako?"

"Hawajambo, mama. Wako Mwanza."

"Wadogo zako wangapi? Wote wazima? Mvua huko imenyesha? Na ng'ombe?"

"Baba hana ng'ombe, mama. Anafundisha."

Mama Kabula akahuzunika kweli, kama aliyepewa habari ya msiba. "Hata mmoja? Pole sana mwanangu. Na anaishije?" Ikabidi Daktari Anitha aeleze baba yake anaishije bila ng'ombe, na jambo hilo halielezeki haraka. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni pamoja na Rehema. Nikasema, "Mama, tuendelee, daktari ana kazi." Hakuna aliyenisikia. Wakahamia kwa babu wa daktari, ambaye kwa bahati nzuri aliwahi kuwa na ng'ombe wawili. Hapo Mama Kabula alifarijika, akageuza uso kwenye trei, na macho yake yakasimama.

"Nani ameyasuka haya maziwa?" akauliza.

"Si maziwa, mama," nikasema haraka. "Ni dawa. Ni ile nano."

"Nano sawa. Lakini siagi imepanda."

Sote tukatazama. Utepe wa njano ulikuwa umerudi, mnene kuliko wa asubuhi. Nikasema ni mwanga wa dirishani. Mama Kabula aliniangalia namna ambavyo nadhani humwangalia mkwe wake.

"Baba Neema, nimesuka maziwa tangu sijaolewa. Siagi ikishatoka, hairudi ndani. Ukiyatikisa itajificha. Ukiyaacha yakae, itakuja juu ikuangalie. Haya yametikiswa leo."

Ningeweza kusema wakati ule. Badala yake nilisogea mezani, nikachukua kichupa nikiwaonyesha kwamba ni mwanga tu, nikakiinua kuelekea dirishani, na mkono wangu ukaanza wenyewe. Ulianza begani. Nilishtuka nimekitikisa mara tano au sita mbele ya daktari bingwa, muuguzi, Rehema na mgonjwa, huku bado ninasema hakijatikiswa.

Hakuna aliyecheka. Daktari Anitha alinyoosha mkono, nikampa kichupa. Akauliza, kwa sauti ya chini, "Mzee, iliganda?"

Nikasema ndiyo. Nikasema yote: pakiti, friza, baiskeli, utepe wa asubuhi. Nilitoa ile karatasi mfukoni, Rehema akaikunjua akasoma kwa sauti: usigandishe, na ikitengana usitumie. Nilimwuliza daktari ingekuwaje kama ingeingia mshipani. Akasema vitone vinavyoungana vinakuwa vikubwa, na vikubwa vinakwama kwenye mapafu. Nikakaa kwenye kile kitanda cha kupimia wagonjwa, na muuguzi kwa mazoea akaniuliza nimeanza kuumwa lini.

Vichupa vyote vinne vilitupwa, kwa sababu hakuna aliyejua ni vipi viliganda na vipi havikuganda. Daktari Anitha aliahidi kuomba vingine, mwezi unaofuata, kama vingepatikana. Alisema "kama" mara mbili. Shija alipoambiwa alitaka tu kujua kama yale yaliyotupwa yangeweza kuoshwa upya. Wengine walikwenda zao. Mama Kabula alibaki ameketi, mikono yake iliyopakwa mafuta imelala mapajani, na nikaenda kumwomba radhi.

"Mwezi si kitu," akasema. "Nimengoja miaka minane. Lakini wewe uliona, ukanyamaza."

Nimeitwa majina mengi dirishani, mengine kwa Kisukuma, na sikuwahi kukosa usingizi. Maneno yale yalinikosesha. Nilikuwa nimemwuzia mimi mwenyewe tumaini la macho ya dawa, halafu nusura nimwue ili nisionekane mzembe.

Taarifa iliandikwa, kwa mkono wangu, na ipo kwenye faili. Vichupa vingine vilipopatikana, ikaamuliwa kwamba Rehema ndiye aende Shinyanga kuvichukua. Ilikuwa haki kabisa. Lakini Mama Kabula aliposikia alikuja hospitalini bila kuitwa, akamwambia Daktari Anitha kwamba anataka niende mimi.

"Kwa nini, mama? Si ndiye aliyeharibu?"

"Ndiyo. Sasa anaogopa. Huyu binti hajaharibu kitu bado, hajui kuogopa."

Rehema alikubali kwa moyo safi, ila alinipa karatasi ya maelekezo ameiandika upya kwa herufi kubwa kama za ubao wa shule ya awali.

Safari ile nisimulie kidogo, kwa sababu ndimo yalimo mnayotakiwa kujifunza. Pakiti za barafu nilizitoa kwenye friza nikazipanga mezani, nikakaa mbele yake. Zikatoa jasho. Nikatikisa moja sikioni, na hiyo ndiyo ruhusa pekee ya kutikisa niliyojipa, nikasikia maji yakicheza ndani, ndipo nikajua iko tayari. Vichupa nilivifunga kwa kadibodi visiguse barafu. Kipima joto nilikisoma Tinde, nikakisoma Kahama, nikakisoma kila dereva alipokohoa. Lami ilipoisha nilipakata boksi, na kila shimo lilipokuja nilijiinua kidogo kwenye kiti ili mtikisiko uishie kwenye magoti yangu. Dereva, Masele, ambaye ananifahamu miaka, aliniuliza kama boksi lina mtoto mchanga. Nilimwambia aangalie barabara.

Asubuhi ya kuchoma niliweka kichupa mezani mwenyewe, nikavuta kiti, nikaketi mbele ya Mama Kabula.

"Shikamoo mama. Mwangaluka."

Alishangaa kidogo. "Mwangaluka, Baba Neema."

Nikamwuliza habari za nyumbani. Za wajukuu, mmoja mmoja, nikikosea majina, naye akinirekebisha. Mvua. Mihogo. Ng'ombe, kwa rangi zao. Yule mwenye pembe moja amezaa? Mkwe hajambo? Akasema mkwe hajambo ila samli bado. Naye akaniuliza ya kwangu yote, mpaka Lushoto, mpaka sweta. Daktari Anitha alikuwa amesimama ukutani amekunja mikono, hatusemeshi, na foleni nje ilikuwa inakohoa, nikaiacha ikohoe. Tulipoishiwa ndugu wa kuulizia, sote wawili tukageuka. Kichupa kilikuwa cheupe toka chini hadi juu.

Mama Kabula alikisogelea mpaka pua ikakaribia kukigusa. Kisha akampa muuguzi mkono.

"Haya hayajasukwa," akasema. "Nichome."

Sitawadanganya kwamba alitoka pale anacheza ngoma. Daktari Anitha alishasema dawa haiondoi ugonjwa, inautuliza, na ilibidi achomwe tena na tena. Vidole viwili havikunyooka na havitanyooka. Lakini uvimbe ulishuka, na uso wake safari hii ulibaki uso wake. Siku moja Shija, ambaye alikuwa ameanza kushuka ngazi bila kutukana, alikuja dirishani akasema samli ya sokoni imerudi kuwa na ladha. Nilijifanya natafuta kitu chini ya kaunta, nikakaa huko mpaka nilipoweza kuinuka.

Wiki yangu ya mwisho kazini alikuja mwenyewe. Hakuwa na cheti. Alipanga foleni kama wengine, zamu yake ilipofika akaweka mkono kwenye lile tundu la dirisha tunakopitishia dawa, akaushika wangu, akabana. Alibana kwelikweli, kwa vidole vyote, na vile viwili vilivyopinda vikanichoma kwenye kiganja.

"Mama," nikasema, "unaniumiza."

"Najua," akasema, na akaendelea kubana.